Nyonga inayobana: upasuaji hutuliza maumivu, lakini je, hukiokoa kiungo?

Mtu mwenye shida hii utamjua kwa mkono wake. Muulize panapomuuma, hatakuonyesha kwa kidole. Atakunja kiganja mithili ya herufi C, kidole gumba nyuma kwenye kalio, vidole vinne mbele karibu na kinena, aishike nyonga yake kana kwamba anapima papai sokoni. "Huku ndani kabisa," atakwambia. Madaktari wa mifupa wanaijua ishara hiyo na wameipa jina la herufi yenyewe.

Mara nyingi ni kijana, au mtu mzima ambaye bado ana nguvu zake. Akitembea barabara iliyonyooka hana neno. Kazi inaanza akikaa saa nyingi kwenye basi la kwenda Dodoma, akichuchumaa chooni, akivaa soksi, akikaa tahiyatu, au akikalia mbuzi kukuna nazi, magoti yamepanda na mgongo umeinama mbele. Hapo kinena kinachoma, na wakati mwingine kitu kinaalika ndani. Wengi wanaofika kwa daktari wa mifupa wameshapita kwingine: wamemeza dozi mbili tatu za yutiai, wamepimwa ngiri, wamekandwa kiuno. Miezi inakatika.

Akishapigwa picha na kuambiwa kwamba mifupa ya nyonga yake inagongana, swali linalofuata ni lilelile: "Nikipasuliwa sasa, sitakuja kusagika nyonga uzeeni?" Swali hilo lina maswali mawili ndani yake, na watu wengi, hata baadhi ya wataalamu, huyajibu kama ni moja. La kwanza ni la maumivu: nitaweza kukaa, kucheza, kufanya kazi? La pili ni la uhai wa kiungo: gegedu langu, lile tabaka laini linalofunika mifupa pale inapokutana, litadumu? Kwa la kwanza tunao ushahidi mzuri. Kwa la pili, ushahidi uliopo hautoshi kumwahidi mgonjwa chochote, na inaniuma kila ninaposikia ahadi hiyo ikitolewa kirahisi.

Anayetaka kuielewa nyonga aende buchani asubuhi, wakati paja la mbuzi linapotenganishwa na mifupa ya kiuno. Kisu kikishapita kwenye utando mgumu unaokizunguka kiungo, utasikia mlio mdogo wa hewa ikiingia, kisha tufe jeupe linachomoka kwenye kikombe chake. Lipapase: linateleza kuliko kioo kilicholowa. Huo utelezi ni wa gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Likikwaruzwa halitoi damu wala halilii, na likiisha halioti tena kama lilivyokuwa. Sasa tazama mdomo wa kikombe. Kuna mkanda laini umeuzunguka, kama ule mpira wa mfuniko wa presha kuka. Kwa binadamu mkanda huo huitwa labramu, na kazi yake haiko mbali na ya mpira ule: kuziba, ili ute unaolainisha kiungo usitoroke uzito unapokandamiza. Ule mlio uliousikia ulikuwa wa kiungo kilichozibwa kikiachia. Tofauti na gegedu, labramu ina mishipa ya fahamu, kwa hiyo yenyewe hulia.

Tufe likiwa tufe kweli, na kikombe kikiwa na kina cha kadiri, paja hukunjwa kuelekea tumboni bila mfupa kugusa mfupa. Lakini kwa baadhi ya watu, pale kichwa cha fupa la paja kinapoungana na shingo yake, upande wa mbele na juu, pana nundu. Mafundi magari wataelewa upesi. Ndani ya injini kuna kemshafti, chuma chenye vipande visivyo duara kamili. Kikizunguka, sehemu iliyotokeza husukuma valvu. Jina la umbo hili la nyonga limetoka hukohuko kwenye injini: huitwa kemu. Kila mguu unapokunjwa sana na kugeukia ndani, nundu huingia kikombeni kwa nguvu na kuliparua gegedu kuanzia pembeni, mpaka linaanza kubanduka mfupani kama zulia lililoachia gundi. Aina ya pili ina kasoro upande wa kikombe: ukingo umezidi mbele, shingo ya fupa inaugonga, na labramu iliyo katikati ndiyo inayoumia. Hiyo imepewa jina la koleo. Wagonjwa wengi wana kiasi fulani cha yote mawili.

Nundu ya kemu haianzi utotoni, na wala haiji ukubwani. Watafiti wa Uholanzi waliofuatilia vijana wacheza soka wa umri wa miaka 12 hadi 19 waliona kwamba inajengeka taratibu wakati mifupa ingali inakua, kisha sahani ya ukuaji, yaani sehemu ambayo mfupa hurefukia, ikishafunga, inakoma. Inaelekea ni jibu la mfupa mchanga kwa mzigo mkubwa unaojirudia: mazoezi makali, mara nyingi kwa wiki, katika miaka ileile ya kubalehe. Ndiyo maana inaonekana zaidi kwa wanamichezo, hasa wavulana wa soka, mpira wa kikapu na hoki ya barafu.

Historia ya wazo hili inaeleza kwa nini matumaini yalipanda sana. Kwa miongo mingi, kusagika kwa nyonga kuliitwa ugonjwa wa uzee, na habari ikaishia hapo. Waliokuwa na mashaka hawakukosekana. Marius Smith-Petersen, mwaka 1936, alieleza upasuaji wa kupunguza ukingo wa kikombe kwa wagonjwa ambao mifupa yao iligongana. Mwaka 1975 Stulberg na wenzake walieleza umbo la fupa la paja linalofanana na mpini wa bastola, wakaliona mara nyingi mno kwa watu waliosagika nyonga bila sababu inayojulikana. Lakini aliyeyaunganisha haya ni Reinhold Ganz, daktari wa mifupa wa Bern, Uswisi. Yeye na wenzake walibuni njia salama ya kukichomoa kichwa cha fupa la paja kikombeni bila kukata mishipa ya damu inayokilisha. Mwaka 2001 walichapisha matokeo ya nyonga 213 zilizofunguliwa kwa njia hiyo, na hakuna hata moja ambayo kichwa chake kilikufa kwa kukosa damu. Kwa njia hiyo daktari aliweza kuiangalia nyonga ya kijana aliye hai kwa macho yake, akaikunja na kuikunjua, akaona hasa mfupa upi unagonga wapi. Mwaka 2003, baada ya nyonga zaidi ya 600, Ganz alitoa hoja yake: kugongana huku ni chanzo kimojawapo cha kusagika kwa nyonga.

Hoja ni nzuri, na kwa sehemu kubwa imesimama. Kutoka hapo watu wakapiga hatua ya pili bila kusubiri: kama nundu ndiyo inayosaga, basi iondoe mapema na nyonga haitasagika uzeeni. Hatua hiyo ya pili ndiyo ambayo haijathibitishwa.

Tuanze na nundu yenyewe, maana kuna jambo linalowashangaza wagonjwa. Madaktari hupima ukubwa wake kwa kitu kiitwacho pembe ya alfa, inayochorwa juu ya picha. Ikivuka nyuzi 60 hivi, wengi husema kuna kemu. Mwaka 2015 timu moja ya watafiti ilikusanya tafiti za watu ambao nyonga zao haziumi kabisa. Asilimia 37 ya nyonga hizo zilikuwa na kemu, na kwa wanamichezo ilizidi nusu. Labramu zenye kasoro kwenye picha za MRI zilikuwa asilimia 68. Nasema tena, hao ni watu wasioumwa. Maana yake ni kwamba ripoti ya picha inayosomeka "kemu, na labramu imechanika" inaweza kuwa ya mtu anayeteseka, na inaweza kuwa ya mtu atakayecheza bao na wajukuu wake akiwa amechuchumaa bila kujua ana kitu. Ndiyo sababu wataalamu waliokutana Warwick, Uingereza, mwaka 2016 walikubaliana kwamba ugonjwa huu hautajwi kwa picha pekee. Sharti mambo matatu yakutane: mgonjwa awe na dalili, daktari azipate ishara anapoikunja na kuizungusha nyonga kwa mikono yake, na picha ionyeshe umbo. Likikosekana moja, jina la ugonjwa lisitumike.

Je, mwenye nundu atasagika? Uholanzi kuna utafiti uliowafuata watu 1,002 wa umri wa miaka 45 hadi 65 waliokuwa wameanza kuumwa nyonga au magoti. Waliokuwa na pembe ya alfa inayozidi nyuzi 83, yaani nundu kubwa kwelikweli, walikuwa na uwezekano mkubwa mara nyingi kuliko wengine wa nyonga kufikia hatua ya mwisho ya kusagika ndani ya miaka 5. Lakini hata kwa hao, waliofika huko walikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Nundu hiyohiyo ikiambatana na nyonga iliyokaza, isiyogeukia ndani zaidi ya nyuzi 20, ndipo idadi ikavuka nusu kidogo. Ukingo uliozidi, ile koleo, haukuonekana kuleta kusagika katika kundi hilo. Kwa hiyo kemu ni hatari ya kweli. Hata hivyo hakuna msingi wa kumpasua mtu asiyeumwa kwa sababu tu picha imeonyesha nundu. Utakuwa umewapasua wengi ambao wasingefika huko.

Sasa upasuaji wenyewe. Ile njia ya Ganz ya kuichomoa nyonga bado inatumika kwa maumbo magumu, lakini nyingi leo hufanywa kwa kamera kupitia matundu mawili matatu. Si kazi nyepesi. Michael Burman, aliyejaribu kutazama viungo kwa bomba lenye taa huko New York mwaka 1931 akitumia maiti, aliona goti kwa uzuri, akakata tamaa na nyonga: kichwa kimekaa kikombeni kwa kubana mno. Suluhisho lililokuja baadaye ni kuvuta. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, mguu unafungwa kwenye kitanda maalumu na kuvutwa mpaka kichwa kinaachana na kikombe kwa takriban sentimita moja, eksirei ikionyesha njia. Hapo kamera inaingia. Labramu iliyochanika inashonwa mfupani kwa nanga ndogo, gegedu lililolegea linasafishwa, kisha mguu unaachiwa na nundu inasagwa kwa drili ndogo mpaka shingo inarudi na mbonyeo wake.

Katika kusaga huko mkono ukiwa mzito au mwepesi, vyote ni balaa. Kuacha nundu bila kuimaliza ni mojawapo ya sababu kubwa za watu kupasuliwa mara ya pili. Kusaga kupita theluthi moja ya upana wa shingo hudhoofisha mfupa hata ukaweza kuvunjika. Kukata utando wa kiungo bila kuufunga vizuri kunaweza kuiacha nyonga ikicheza. Na kule kuvuta mguu huwaacha baadhi ya watu na ganzi pajani au sehemu za siri, ambayo mara nyingi huisha baada ya siku au wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza cha kwanza cha kumuuliza daktari, namwambia amuulize hivi: umeshafanya nyonga ngapi za namna hii?

Baada ya miaka kadhaa ya upasuaji huu kuenea kwa kasi, hatimaye yakaja majaribio ya haki, yale ambayo mgonjwa anapangiwa tiba kwa bahati nasibu. Lililo kubwa kuliko yote lilichapishwa Uingereza mwaka 2018. Watu 348 katika hospitali 23 waligawanywa: wengine walifanyiwa upasuaji wa kamera, wengine walipewa mazoezi tiba ya mmoja mmoja, vikao 6 hadi 10 ndani ya wiki 12 hadi 24, yakipangwa kulingana na mtu alivyo. Hali zao zilipimwa kwa maswali yenye alama 0 hadi 100, ambapo 100 ni nyonga isiyosumbua. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walitoka wastani wa 39.2 wakafika 58.8. Waliofanya mazoezi walitoka 35.6 wakafika 49.7. Ukisawazisha mahali walipoanzia, upasuaji ulishinda kwa alama 6.8, kiasi ambacho mgonjwa anakihisi. Jaribio la pili, watu 222, lilitoka mwaka 2019 na likaelekea hukohuko: upasuaji uliwasaidia zaidi katika shughuli za kila siku miezi 8 baadaye.

Nawaomba wasomaji wasiipite haraka ile 58.8. Ni wastani wa waliopasuliwa, tena na madaktari wazoefu, na bado uko mbali na 100. Kwa mtu aliyekuwa halali usiku ni nafuu kubwa, lakini nafuu si sawa na nyonga mpya. Waliofanya mazoezi nao walipanda alama 14, bila kisu, bila magongo. Katika kundi la upasuaji mtu mmoja alipata maambukizi ndani ya kiungo, jambo ambalo ni zito kuliko maumivu aliyoingia nayo.

Kuna jambo jingine linalopaswa kusemwa waziwazi. Katika majaribio hayo mawili kila mgonjwa alijua alichofanyiwa, na kupasuliwa kwenyewe kunampa mtu matumaini yanayopunguza maumivu. Jaribio jingine, lililotoka mwaka 2021, lililinganisha watu waliosagwa nundu na watu walioingiziwa kamera na kuoshwa kiungo tu, makundi yote mawili yakishonwa labramu ilipohitajika. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa karibu sawa. Tofauti ilijitokeza katika kurudi chumba cha upasuaji: waliosagwa nundu walirudi wachache zaidi ndani ya miaka miwili. Kwangu mimi hilo linasema kwamba nundu ina umuhimu wake, ila sehemu ya nafuu ya miezi ya mwanzo haitokani na nundu kuondoka.

Sasa lile swali la pili, la uhai wa kiungo. Jaribio lililoliuliza moja kwa moja ni la Australia, lililochapishwa mwaka 2021, lenye watu 99. Badala ya kuuliza maumivu pekee, watafiti walitumia MRI ya aina ya pekee: mgonjwa hudungwa dawa ya gadoliniamu, dawa hiyo hujipenyeza ndani ya gegedu kwa kiasi kinachotegemea gegedu lina afya kiasi gani, na mashine husoma hali yake hata kabla halijaanza kupungua unene. Walipima kabla na baada ya mwaka mmoja. Matokeo yalikuwa na sura mbili. Kwa maisha ya mgonjwa, upasuaji ulishinda kwa alama 14 hivi, zaidi hata ya Uingereza. Kwa gegedu, hakukuwa na tofauti ya kuaminika kati ya waliopasuliwa na waliofanya mazoezi; kama kulikuwa na mwelekeo wowote, haukuwa upande wa upasuaji.

Mwaka mmoja ni muda mfupi kwa ugonjwa unaochukua miaka ishirini, na watu 99 ni wachache. Hakuna anayeweza kusema kwamba upasuaji umeshindwa kuilinda nyonga. Lakini kwa kipimo hiki, kilichotengenezwa hasa ili kuona mapema, ulinzi haukuonekana. Anayemwambia mgonjwa "tukusage nundu ili usije ukawekewa nyonga ya bandia" anatumia wazo la Ganz kana kwamba ni matokeo ya utafiti.

Kwa nini wazo linaloeleweka kirahisi hivi lisitimie? Nadhani jibu liko kwenye ule mfano wa zulia. Mgonjwa haji hospitalini siku nundu inapoanza kugonga. Gegedu haliumi, kwa hiyo yeye huja labramu ikishachanika, akiwa na miaka 30 au 40, na kwa wakati huo kingo za gegedu zimeshabanduka. Kusaga nundu kunasimamisha mpigo mpya, hakurudishi zulia chini. Halafu kiungo kilichofunguliwa, kikatobolewa utando na kusagwa mfupa, nacho hupitia kipindi cha uvimbe na kupona, na gegedu linaishi katika ute wa kiungo hichohicho. Na yule ambaye sasa haumwi hurudi uwanjani na kuibebesha nyonga yake mzigo ambao maumivu yalikuwa yanamzuia kuubeba. Hilo la mwisho ni mawazo yangu mwenyewe, lakini sioni namna ya kuliacha.

Mashabiki wa mpira wa kikapu watamkumbuka Isaiah Thomas wa Boston Celtics. Msimu wa 2016–17 alikuwa na wastani wa pointi 28.9 kwa mchezo, mtu wa mita 1.75 akipenya katikati ya majitu. Mei 2017 klabu ilitangaza kwamba nyonga yake ya kulia inabana na labramu imechanika, akatolewa kwenye mechi za mtoano. Alijaribu kwanza kupona bila kisu, akafanyiwa upasuaji wa kamera Machi 2018, na mwaka 2020 ikabidi nyonga ifunikwe kwa chuma. Baada ya hapo alirudi NBA kwa vipindi vifupi. Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi kitu. Huenda nyonga hiyo ilikuwa imeshakwisha kabla kamera haijaingia, na huenda bila upasuaji wa 2018 ingekwisha mapema zaidi. Lakini kinaonyesha jinsi maswali mawili yanavyoachana: nundu inaweza kusagwa, labramu ikashonwa, na kiungo kikaendelea na safari yake.

Kinachotabiri safari hiyo vizuri kuliko ukubwa wa nundu ni gegedu lililobaki siku ya upasuaji. Kwenye eksirei gegedu halionekani. Kinachoonekana ni nafasi nyeusi kati ya kichwa na kikombe. Nafasi hiyo ikishapungua ikawa milimita 2 au chini, matokeo ya upasuaji wa kamera huwa mabaya, na wengi wa wagonjwa hao huishia kwenye nyonga ya bandia ndani ya miaka michache. Umri unaozidi miaka 50 huongeza uwezekano huo. Mtu wa namna hiyo akipelekwa kusagwa nundu, anapasuliwa mara mbili kwa tatizo la mara moja.

Huku kwetu kuna la kuongeza, na ni la uzito. Kijana wa Afrika Mashariki anayeumwa kinena ana sababu nyingine za kutazamwa kabla ya kufikiria kemu. Mwenye selimundu anaweza kuwa na kichwa cha fupa la paja kinachokufa kwa kukosa damu. Vivyo hivyo aliyetumia steroidi kwa muda mrefu au anayekunywa pombe sana. Kifua kikuu huingia kwenye nyonga. Kwa mtoto wa miaka 11 hadi 15, hasa mnene, kichwa cha fupa kinaweza kuwa kimeteleza kwenye sahani ya ukuaji, na huyo anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo bila kukanyagia mguu. Mara nyingi yeye husema goti ndilo linamuuma, akapigwa picha ya goti, akarudishwa nyumbani. Hizi zote zinaonekana au kutiliwa shaka kwa eksirei ya kawaida ya nyonga zote mbili na vipimo vya damu, kabla mtu hajakopa fedha za kwenda India kwa ajili ya MRI na kamera.

Na aliyethibitika kweli kwamba nyonga yake inabana, aanze na mazoezi tiba, ayape miezi mitatu kamili na mtu anayejua anachofanya. Hapa kuna kosa ninaloliona sana: mgonjwa anaambiwa nyonga "imekaza", anaelekezwa kuvuta goti mpaka kifuani kila asubuhi, anavumilia maumivu akidhani ndiyo dawa. Kwa nyonga hii huko ni kugonga mfupa juu ya mfupa kwa makusudi. Kinachosaidia ni kuzipa nguvu nyama za makalio na za tumbo ili kiuno kishike vizuri, kujifunza kuinama kwa namna isiyoifikisha nyonga mwisho wake, na kupunguza kwa muda mikao inayochokoza: kiti kirefu badala ya kigoda, nazi ikunwe na mwingine, na anayeswali aswali juu ya kiti kwa kipindi hicho, maana dini imempa ruhusa. Sindano ya dawa ndani ya kiungo inaweza kumtuliza mtu aweze kuyafanya mazoezi. Wengi huishia hapo na maisha yakaendelea.

Asiyepata nafuu, mwenye umri wa ujana au wa kati, gegedu bado lipo, daktari mzoefu anapatikana na gharama inabebeka, upasuaji ni haki yake na una uwezekano mzuri wa kumsaidia. Aende akijua ananunua nini: uwezo wa kukaa, kulala na kufanya kazi, kwa magongo ya wiki mbili hadi nne na miezi minne hadi sita kabla ya kurudi mchezoni. Kabla ya kusaini fomu amwombe daktari aweke eksirei yake kwenye mwanga na kumwonyesha ile nafasi nyeusi, amwambie ni milimita ngapi upande huu na ngapi upande wa pili, na aziandike namba hizo nyuma ya bahasha ya picha pamoja na tarehe. Bahasha isitupwe wala kuachwa hospitalini. Miaka 5 baadaye apige picha nyingine katika mkao uleule, na hapo ndipo atakapojua kilichotokea kwenye gegedu lake.